Ngumi Tatu Kulia kwa Kibo: Kisa cha Warsha ya Picha Mlima Meru

Saa 12 na nusu asubuhi, wiki ya pili ya Februari, watu kumi na wanne tulikuwa tumesimama kwa mstari kwenye mgongo wa majivu kati ya Rhino Point na Cobra, Mlima Meru. Upepo unatupiga ubavuni, tripodi za kamera bado zimefungwa kwenye mabegi. Jua likatoka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwepo, nzima, juu ya mawingu yaliyotandazwa kama pamba, vilevile kama ilivyokuwa kwenye tangazo la warsha. Ila jua halikutokea nyuma yake. Nilinyoosha mkono nikapima kwa ngumi: moja, mbili, tatu. Ngumi tatu upande wa kulia, mahali ambapo hapakuwa na mlima wala kitu. Mmoja wa wanafunzi, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, akanigeukia huku kamasi zinamtoka kwa baridi. "Mwanangu, lile jua tulilolilipia liko wapi?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Sasa ninalo.

Warsha iliuzwa kwa siku nne ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha: ujifunze kupiga picha za mandhari huku unapanda mlima wa pili kwa urefu Tanzania. Kampuni siitaji. Watu wake si wabaya, na kosa walilofanya nimeliona kwa wengine pia, hata upande wa Kilimanjaro. Mwalimu alikuwa mpiga picha kutoka Ulaya ya kaskazini, hodari hasa, mtu ambaye ukikaa naye nusu saa unaanza kuona vivuli ambavyo hukuwahi kuviona. Mimi nilichukuliwa kama msaidizi wake kwa sababu ni mtu wa Arusha, kamera naijua, na nikiongea na wapagazi tunaelewana. Wanafunzi walikuwa sita, wanne wageni na wawili wa nyumbani. Tangazo lilikuwa na picha moja tu: jua jekundu limekaa katikati ya Kibo kama kiini cha yai. Ilipigwa mwezi gani, na mpigaji alisimama wapi, hakuna aliyeuliza. Mimi nikiwemo, na hilo linanikera mpaka leo.

Ratiba ilikuwa hii: siku ya kwanza kutoka geti la Momella, lililo kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, hadi vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili kupita Mgongo wa Tembo hadi Saddle, mita 3,570. Usiku wa kuamkia siku ya tatu kileleni, juu ya mita 4,560, kisha kuteremka moja kwa moja hadi Miriakamba. Siku ya nne kutoka. Anayeujua mlima huu ataitambua mara moja. Ni ratiba ya wapandaji, neno kwa neno. Kampuni iliongeza tu neno "warsha" juu yake na bei.

Geti la Momella ndipo mambo yalipoanza kuchelewa. Mgeni mmoja alikuja na droni, ikabidi ibaki, maana hifadhini huirushi bila kibali maalumu. Hilo lilikwisha kwa dakika chache. Zito lilikuwa la askari. Meru hupandi bila askari mwenye bunduki, kwa sababu msitu wa chini una nyati wengi, na nyati akikutwa ghafla kwenye kona hana mazungumzo. Siku zenye watu wachache vikundi huunganishwa chini ya askari mmoja. Sisi tuliunganishwa na wapandaji watatu waliokuwa wanafanya Meru kama mazoezi kabla ya Kilimanjaro. Vijana wa miguu mirefu. Walitaka kufika Miriakamba kabla ya chakula cha mchana kupoa.

Kilometa ya pili tu, mwalimu akaona mwanga unaopenya kwenye mkuyu, akasema tusimame. Wanafunzi wakafungua tripodi. Dakika ishirini. Vijana watatu wakakaa juu ya mawe, wakaanza kuangalia saa. Kwenye ule mti maarufu wenye tao ambalo tembo anaweza kupita chini yake, tukasimama tena, na safari hii mwalimu alikuwa anaeleza jambo zuri kweli, namna ya kuweka mtu mdogo chini ya tao ili ukubwa uonekane. Askari akanivuta pembeni. Mtu mtaratibu, ameshapanda mlima ule mara nyingi hata hahesabu.

"Kaka," akaniambia, "mimi nina bunduki moja na vikundi viwili. Hawa wanataka kwenda, hawa wanataka kukaa. Nikatwe katikati?"

Hapo ndipo kisa chote kilipo, ukitaka kukijua kwa sentensi moja. Mpandaji na mpiga picha wanakwenda njia moja lakini saa zao haziafikiani. Mpandaji anatembea asubuhi kukiwa kweupe, anapumzika jioni, anatembea usiku. Mpiga picha wa mandhari anataka asimame tuli hasa zile nyakati ambazo mpandaji yuko mezani, kitandani au kwenye mteremko mkali. Ukiwafunga kamba moja kwa askari mmoja, atakayeshinda ni mpandaji, kwa sababu yeye ana vibanda vya kufikia na usiku unaingia.

Tulifika Miriakamba saa 11 jioni kasoro. Mwalimu alikuwa ametuandalia somo la machweo. Alituambia tunywe chai, tupumzike, tukutane saa 12 nje kwa mwanga wa dhahabu. Saa 11 na robo hivi jua likapotea nyuma ya ukuta wa kreta. Si kwamba lilizama. Lilibakiza zaidi ya saa nzima huko magharibi, watu wa Arusha mjini walikuwa bado wanaanika nguo. Lakini sisi tulikuwa kivulini, na kila kitu kilichotuzunguka kilikuwa na rangi moja ya majivu. Tulipokutana saa 12 hapakuwa na cha kupiga isipokuwa mbega juu ya mti mmoja, naye alitupa mgongo.

Hapa inabidi nieleze umbo la mlima, kwa sababu bila hilo lawama zinakwenda pasipostahili. Meru ni kama kiatu cha farasi. Takriban miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka, mawe na matope yakateremka kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho. Kilichobaki ni ukuta mkubwa upande wa magharibi, ndani yake koni ya majivu iliyozaliwa baadaye, na mdomo mpana ulio wazi kutazama mashariki. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mdogo, mwaka 1910. Kwa mpiga picha maana yake ni moja: asubuhi jua linaingia mlangoni moja kwa moja na kuuchoma ukuta mzima kwa rangi, jioni ukuta huohuo unakuwa pazia. Miriakamba imekaa ndani ya kiatu. Kuweka somo la machweo pale ni sawa na kwenda kununua samaki soko la Feri, Dar, saa mbili usiku.

Na asubuhi? Asubuhi iliyofuata ratiba ilisema tuamke saa 1, kifungua kinywa saa 1 na nusu, tuondoke saa 2. Ukuta uliwaka saa 12 na dakika arobaini. Tulikuwa tumelala. Nimekuja kujua kwa sababu mmoja wa wapagazi, kijana wa Usa River aliyekuwa anachota maji, aliupiga kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha njiani kama utani: "Braza, hii ndiyo mnayoitafuta?" Picha ilikuwa imepinda na ndoo imeingia pembeni. Lakini ukuta ulikuwa mwekundu kutoka juu hadi chini, na koni ya majivu imekaa mbele yake kama kichuguu cheusi. Sikumwonyesha mwalimu. Niliona aibu kwa niaba yetu sote.

Kuna jambo la pili kuhusu mwalimu, nalisema kwa heshima. Mtu aliyezoea kaskazini ya mbali amezoea jua linaloingia kwa mshazari. Huko, majira ya baridi, mwanga wa chini unaweza kukaa saa kadhaa. Unapiga, unakunywa kahawa, unarudi unapiga tena. Sisi tuko nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Jua letu linapanda karibu wima. Tangu lichungulie hadi lifike mahali ambapo vivuli vinakuwa vikali, una kama dakika 25. Ukitumia kumi kufungua tripodi na tano kutafuta filta, umebakiwa na kumi. Mwalimu alitufundisha vizuri jinsi ya kutumia saa tatu za mwanga, katika nchi inayotoa nusu saa.

Siku ya pili ilikuwa ndefu. Msitu ukabadilika, miti ikaota ndevu za kijivu, kisha ikaja ile miti mirefu ya milimani ya jamii ya erika, na Mgongo wa Tembo ukatuchosha kama jina lake linavyoahidi. Kwenye mapumziko mwalimu akasema sasa tutumie lenzi za kuvuta. Watatu wakacheka kwa uchungu. Orodha ya vifaa waliyotumiwa na kampuni ilisema "lenzi pana, punguza uzito", wakaacha za kuvuta hotelini. Wa nne alikuwa nayo, ila ilikuwa kwenye begi la mpagazi, na wapagazi walikuwa wameshatangulia saa nzima mbele, kama wafanyavyo kila siku ili wakute maji na jiko mapema. Hilo nalo mtu wa picha lazima alijue: mzigo uliompa mpagazi hutauona tena hadi jioni. Kitu unachokihitaji njiani ukibebe mwenyewe, au umlipe mpagazi mmoja nyongeza atembee na wewe hatua kwa hatua.

Kwa nini lenzi ya kuvuta? Kwa sababu Kibo iko kilometa 70 kutoka Meru. Macho yetu ni waongo. Yanaukuza mlima tunaoupenda. Lenzi ya milimita 24 haimpendelei mtu. Inaweka anga kubwa, mawingu mengi, na katikati kauvimbe fulani ambako ukimwonyesha bibi yako Moshi atakuuliza ni jiwe la nani. Ukitaka Kibo ijae kwenye picha kama ilivyojaa kwenye tangazo, anza na milimita 100, na 200 ni bora zaidi.

Tukaja kwenye usiku. Saa 7 usiku tukaamka Saddle, chai na biskuti, saa 8 tukaanza. Mpango wa mwalimu ulikuwa wa busara: wanaotaka kilele waendelee, wanaotaka picha wabaki Rhino Point wasubiri jua, ambako Kilimanjaro inaonekana bila kizuizi. Wanne wakachagua kubaki. Tulipofika pale, askari akakataa. Hawezi kuacha watu wanne gizani mlimani bila yeye. Ama wote tuendelee, ama wote turudi. Vijana wa kikundi kingine hawakuwa tayari hata kulisikia neno kurudi. Mabishano yalichukua dakika kumi kwenye upepo, na mabishano ya lugha tatu hayajawahi kufupika. Tukaendelea wote.

Ndiyo maana jua lilitukuta kwenye mgongo wa majivu, mahali pembamba ambapo huwezi kutanua miguu ya tripodi bila kuziba njia. Betri mbili zilikuwa zimezimika kwa baridi kwa sababu zilikaa mfuko wa nje; betri hulala na mtu, kifuani, kama mtoto. Na jua likatoka ngumi tatu kulia.

Hesabu ya ngumi si uchawi. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso ni nyuzi kumi hivi. Kutoka kwenye mabega ya Meru, Kibo iko kwenye nyuzi 75 za dira, mashariki lakini imevutwa kidogo kaskazini. Wiki ya pili ya Februari jua linachomoza karibu nyuzi 104. Toa, unapata takriban nyuzi 30. Juni jua linahamia upande wa pili, kushoto kwa Kibo. Kukaa nyuma yake kabisa hutokea mara mbili tu kwa mwaka: mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, na tena nusu ya kwanza ya Agosti. Mei ni masika, utalipia kuangalia ukungu. Inabaki Agosti. Picha ya tangazo naamini ilipigwa Agosti, au jua lilibandikwa na mtu ofisini. Hata hivyo programu za simu zinazoonyesha njia ya jua zinatoa jibu hili kwa dakika mbili, ukiwa umekaa mgahawani. Kampuni haikufungua, mwalimu aliamini kampuni, nami niliamini mwalimu.

Kilele tulifika, wengi wetu. Kina picha zake za kupungia mkono, nazo ni nzuri kwa ukuta wa sebuleni.

Jioni ya siku ya tatu, Miriakamba, miguu imevimba, wanafunzi wakaitisha kikao. Mmoja alishaandika barua ya malalamiko kwenye simu. Walitaka nusu ya pesa zao. Niliisoma barua ile mara mbili. Ililalamikia jua, askari na chakula. Chakula hakikuwa na tatizo; mtu mwenye hasira huongeza chakula. Kwa askari hawakuwa na haki, kwa sababu alifanya kazi aliyoajiriwa. Kwa jua walikuwa na haki, ingawa si kwa namna walivyoandika. Hakuna anayeweza kuuza jua. Lakini kampuni iliuza mahali pa jua, na mahali pa jua panajulikana mwaka mzima kabla.

Kiongozi wetu wa mlima, ambaye siku zote tatu alikuwa hajasema zaidi ya "twende taratibu", ndiye aliyevunja ukimya. Akauliza swali kwa mwalimu, mimi nikatafsiri: kwa nini hamkuomba Meru Ndogo?

Meru Ndogo ni kilele kidogo cha mita 3,820, chini ya saa moja kutoka Saddle kwa mwendo wa kawaida. Kuna nafasi ya kusimamisha tripodi kumi. Mashariki unaiona Kilimanjaro, na ukigeuka, jua la kwanza linaupaka Meru wenyewe. Askari angeweza kupanda na sisi na kurudi, mradi awe wetu peke yetu. Hakuna aliyeomba kwa sababu kwenye ratiba ya wapandaji Meru Ndogo ni matembezi ya mchana ya kuzoea hewa, mtu akijisikia. Mwalimu alinyamaza, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa kwa haki. Akaniomba nimuulize kiongozi kama kuna kitu kingine ambacho hatujaomba.

Nikamwita yule kijana wa ndoo, akatoa simu yake.

Asubuhi ya nne tulikuwa nje saa 11 na nusu, wote, hata wale waliotaka pesa. Tripodi zimeshasimamishwa tangu giza, fokasi imewekwa juu ya koni kwa tochi na mbalamwezi hafifu, betri zimetoka kifuani. Mwalimu alifundisha somo lake bora la safari nzima kwa sauti ya chini, jinsi ya kutoipa kamera kazi ya kuamua mwangaza, maana ukuta unaowaka na msitu ulio gizani haviwezi kutosheka kwa pamoja. Uchague kimoja, kingine ukikubali kiwe cheusi. Mstari wa rangi ukaanza juu kabisa ya ukuta, mwembamba kama uzi, ukateremka. Yule mama wa Dar hakupiga picha nyingi. Nilihesabu saba. Alikuwa anasubiri ukungu utoke kwenye msitu, na ulipotoka, akabonyeza.

Tulipoteremka tulipitia Momella, maziwa ambayo kila moja lina rangi yake kwa sababu ya magadi na mwani, flamingo wamejipanga kandokando. Saa 4 asubuhi, mwanga mkali, hakuna picha ya maana. Nalo ni kosa la ratiba. Ziwa lilipaswa kuja alasiri ya siku ya kwanza, mbali na pazia la ukuta, kwa gari, kabla hata ya kugusa mlima.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini kutoa maoni. Niliwaambia wakate kilele. Wakaruka kama nimewatukana, maana kilele ndicho kinachouza. Basi angalau askari wa peke yetu, nikasema, usiku mbili Miriakamba badala ya moja wakati wa kupanda, alfajiri moja Meru Ndogo, kilele kiwe cha hiari siku ya mwisho, mpagazi mmoja wa kamera anayetembea na darasa, na mwezi uandikwe chini ya kila picha ya tangazo. Gharama inapanda, hasa kwa siku za ziada. Walikubali yote isipokuwa mpagazi wa kamera, ambaye bado tunabishana. Wanafunzi walirudishiwa sehemu ya pesa, si nusu, nao hawakuendelea na barua.

Tangazo jipya lina ukuta mwekundu na ukungu wa msitu, chini yake limeandikwa Miriakamba, Februari, saa 12:45 asubuhi. Ni mojawapo ya zile saba. Kampuni ilisahau kuandika jina la mpigaji, nikawapigia, wakaliweka. Yeye mwenyewe alinitumia ujumbe juzi kuuliza kuhusu Agosti, abebe nini.

Nilimjibu: "Lenzi ya kuvuta, mama. Na soksi za sufu, jozi tatu."